Nilikwenda Ng'ambo Nikamkuta Pweza wa Mama

Ndugu msomaji, jioni utokapo kazini, hasa ikiwa makazi yako ni Dar es Salaam au mjini Unguja, hukosi kumpita muuza pweza kando ya barabara. Meza ndogo, kisu, bakuli la pilipili, sufuria ya supu inayofuka. Yamkini umesimama pale mara nyingi, ukakatiwa kipande cha mnyiri, ukanywa kikombe kimoja cha supu, ukalipa na kwenda zako. Sidhani kama umewahi kujiuliza pweza yule kakamatwa na nani. Mimi sikuwa na haja ya kujiuliza, maana huenda aliyemkamata ni mama yangu.

Nimezaliwa katika kijiji kimoja cha pwani ya mashariki ya Unguja. Jina lake sitalitaja, na sababu utaiona mbele. Mimi ni mtoto wa mwisho, na mama amekwisha vuka miaka sitini, lakini kila bamvua, maji yanapokupwa sana na miamba ikabaki wazi, hujifunga kanga kiunoni, akachukua kijiti chake cha kuchokolea, akaongozana na wenzake mwambani. Macho yake si kama zamani. Hata hivyo hutazama tundu moja kati ya mia na kusema, "Humu yumo," nawe hujaona ila jiwe na maji. Ukimuuliza amejuaje, atakuonyesha magamba ya kaa yaliyorundikwa mlangoni kama takataka nje ya nyumba ya mtu mvivu.

Nilipokwenda kusoma sekondari mjini, wenzangu waliponiuliza kazi ya mama yangu nilijibu kuwa ni mkulima. Haukuwa uwongo mtupu, kwa kuwa analima mwani. Lakini habari ya pweza niliificha. Nilidhani kuchokoa mashimo ya mwamba kwa kijiti ni kazi ya watu wasio na kazi. Nayasema haya mapema, ndugu msomaji, ili usije ukanifikiria kuwa nilikwenda ng'ambo nikiwa mtu mwenye busara.

Chuo Kikuu nilichagua masomo ya viumbe wa baharini, na mwaka 2025, katika mwezi wa Mei, nilijaliwa kupata nafasi ya kwenda Uingereza kwa majuma matatu pamoja na wanafunzi wa nchi nyingine. Tulikwenda Plymouth, mji wa bandari ulioko kusini magharibi ya nchi ile. Juu ya kilima, ubavuni mwa ngome kuu ya zamani, ipo maabara ya Chama cha Biolojia ya Bahari cha Uingereza. Chama hicho kiliundwa mwaka 1884, na maabara ikafunguliwa mwaka 1888. Nyumba yenyewe ni ya mawe, imara, na ukisimama dirishani unaiona ghuba yote na meli zikiingia na kutoka.

Ya baridi sina haja ya kuyaeleza kwa urefu. Wenyeji walisema kuwa ile ilikuwa hali nzuri isiyo ya kawaida, nami nilikuwa nimevaa kila nguo niliyokwenda nayo. Maji yale ukiyatia mkono unahisi mifupa inalia. Chakula chao cha samaki wa kukaanga na viazi ni kizuri, ila pilipili hawaijui.

Aibu yangu ya kwanza niliipata kwa sababu ya mwezi. Tuliambiwa kwamba mwishoni mwa mwezi Mei tutakwenda mwambani kutazama viumbe wa eneo linalofunikwa na kufunuliwa na maji. Nilihesabu kidoleni, nikaona mwezi utakuwa mchanga, ndio kwanza uandame. Kwa hiyo ni bamvua. Nikasema kwa sauti, tena kwa majivuno kidogo, kuwa maji yatakupwa sana siku hiyo, na yatakuwa makavu saa nne ya asubuhi. Mwalimu wetu alifungua kijitabu cha majira ya maji. Kukupwa sana, nilipata. Saa, nilikosa: maji yangekuwa makavu baada ya saa saba ya mchana. Wenzangu walicheka.

Mwalimu hakucheka. Aliniuliza nimeijuaje hiyo saa nne. Nikamweleza kuwa kwetu, mwezi ukiwa mchanga au ukiwa mpevu, wanawake hushuka pwani asubuhi, na kwenye saa nne maji huwa yamefika mwisho wake. Hivyo ndivyo alivyofundishwa mama na mama yake. Akaniambia kuwa kanuni hiyo ni sahihi kabisa kwa pwani ya mama yangu. Mwezi huvuta bahari yote, lakini kila pwani ina umbo lake na kina chake, na maji huchukua muda wake kuifikia. Kwa hiyo kila pwani ina saa yake ya bamvua, na haibadiliki sana. Mabaharia wa zamani wa Ulaya waliiandika saa ya kila bandari katika vitabu vyao. "Mama yako," alisema, "anayo ya bandari yake kichwani."

Niliyatafakari maneno hayo siku nzima. Nilikuwa nimesafiri maelfu ya kilomita ili nielezwe kuwa kile nilichokuwa nikikionea haya ni elimu.

Mwambani kwao kuna mambo ya kuvutia, japokuwa hakuna matumbawe kama ya kwetu. Mwamba umefunikwa na majani ya bahari ya rangi ya kahawia, na juu yake wamejibandika konokono wenye gamba la umbo la kofia, ambao huzunguka wakila ukungu wa kijani unaoota juu ya jiwe. Ukiwatazama utawadharau. Mwaka 1967 meli ya mafuta iitwayo Torrey Canyon ilipanda mwamba karibu na pwani ile, ikiwa na shehena ya tani zaidi ya laki moja. Serikali ikamwaga dawa za sabuni kwa wingi ili kuyaondoa mafuta. Wataalamu wa Plymouth walipokwenda kutazama, waliona kwamba dawa ile iliua viumbe wengi kuliko mafuta yenyewe, na miongoni mwa waliokufa ni konokono hawa wadogo. Baada yao mwamba ukageuka kijani kibichi, majani yakaota bila mlaji, na miaka zaidi ya kumi ikapita kabla hali haijarejea karibu na ilivyokuwa. Wangejuaje kuwa imerejea? Ni kwa sababu walikuwa na maandishi ya jinsi ilivyokuwa kabla.

Sasa nifike kwa pweza.

Majira tuliyofika sisi, mji mzima ulikuwa ukizungumza habari za pweza. Kwa kawaida pweza wa aina ile ni wachache katika maji ya kusini mwa Uingereza. Lakini mwaka 2025 walifurika. Wavuvi wa kaa na kambakochi, ambao hutumia madema kama yetu isipokuwa ni ya chuma na nyavu, walikuwa wakivuta madema yao na kukuta ndani magamba matupu, na pweza amejikunja pembeni, ameshiba. Wengine waliwauza pweza hao wakapata fedha nzuri. Wengine walilia, maana pweza ni wa msimu na hawajui kama kesho watakuwapo, lakini kaa ndio riziki yao ya mwaka hata mwaka.

Nilipoona picha ya dema lililojaa magamba matupu nilikaribia kucheka. Ni yale yale magamba ya mlangoni aliyonionyesha mama.

Wavuvi walikuwa wakisema kuwa haijapata kutokea. Katika maktaba ya maabara tukaonyeshwa kuwa imepata kutokea. Mwaka 1900 mtaalamu mmoja wa hapo hapo, Walter Garstang, alichapisha makala juu ya baa la pweza katika pwani ya kusini na hasara iliyowapata wavuvi wa kaa na kambakochi. Karatasi zimekuwa za manjano, lakini ukizisoma utadhani zimeandikwa juma lililopita. Na tena kuelekea mwaka 1950 pweza waliongezeka, na hayo pia yameandikwa. Kwa hiyo wataalamu wa leo hawakuanza na mshangao. Walianza na swali: maji yalikuwa na joto kiasi gani nyakati hizo, na sasa je?

Na jibu wanalo, kwa sababu tangu mwaka 1903 wamekuwa wakienda mahali pamoja pale pale, maili ishirini hivi kutoka bandarini, mahali wanapopaita E1, kupima joto na chumvi ya maji. Hapana kisiwa pale, hapana mwamba, hapana alama yoyote ya kumvutia mtu. Ni maji matupu. Vita vya dunia viliwakatiza. Mwishoni mwa miaka ya 1980 fedha zilipunguzwa na kazi ikasimama, hadi mwaka 2002 ilipoanza tena. Mtaalamu mmoja alinionyesha pengo hilo kwenye mchoro, mstari unaokatika na kuanza upya, kwa uso wa mtu anayekuonyesha kaburi la nduguye. Miaka ile, alisema, hakuna awezaye kuirudisha.

Kitu kingine kilichonishangaza ni kitambaa cha hariri. Alister Hardy, mtaalamu wa viumbe wa bahari, alibuni sanduku la chuma linalovutwa nyuma ya meli ya kawaida ya biashara, mita chache chini ya uso wa maji. Maji hupita ndani yake, na wale viumbe wadogo wasioonekana vizuri kwa macho, waitwao planktoni, hunaswa kwenye kitambaa cha hariri kinachojizungusha taratibu kadiri meli inavyokwenda, mfano wa mkeka unaokunjwa. Tangu mwaka 1931 masanduku hayo yanavutwa. Vitambaa vya kuanzia takriban mwaka 1960 vimehifadhiwa. Na kwa kuwa wafanyakazi waliandika kila kilicholikwamisha sanduku, tunajua kwamba mwaka 1965 mfuko wa plastiki ulinaswa karibu na Ireland. Aliyeandika siku ile hakuwa akifanya utafiti wa plastiki. Aliandika tu kwamba sanduku limekwama, na limekwama kwa sababu gani.

Usidhani, ndugu msomaji, kuwa nimerudi nikiwasujudia Waingereza. Kuandika peke yake hakuponyi. Samaki wa heringi wa Bahari ya Kaskazini walihesabiwa miaka na miaka na mataifa yenye wataalamu tele, na bado walivuliwa mpaka ikalazimu uvuvi wake kufungwa mwaka 1977. Hesabu walikuwa nayo. Kilichokosekana ni utashi. Na tena watu wale walipata nafasi ya kukaa wakipima maji matupu kwa miaka mia kwa sababu walikuwa na mali, na mali ile nyingine ilitoka kwetu sisi. Lakini huo ni mjadala wa siku nyingine.

Siku moja, tukinywa chai, yule mwalimu wa majira ya maji aliniuliza swali dogo. Je, ulipokuwa mtoto, mama yako alikuwa akipata pweza wangapi kwa siku moja ya bamvua, na sasa anapata wangapi?

Sikuweza kujibu. Mimi, mtoto wa mwambani, mwanafunzi wa Chuo Kikuu, niliyekula pweza kabla ya kuota meno yote. Nilisema "wengi", nikaona neno lenyewe linanitazama.

Usiku nilimpigia mama simu. Baada ya kumhakikishia kuwa nakula na kwamba sijaugua, nikamuuliza. Alinyamaza kidogo. "Mwaka ule uloanza skuli," alisema, "nilikuwa natoka na mtungo mzima, siku nyengine miwili. Kiatu chako cha kwanza kilitoka mle. Sasa nikipata watatu namshukuru Mungu." Nikamuuliza, mtungo mmoja ni pweza wangapi? "Mtungo ni mtungo, mwanangu. Inategemea ukubwa wao." Kisha akaniuliza, kwa nini Wazungu wanataka kujua mitungo yangu?

Swali hilo sikulijibu usiku ule.

Habari ya mwani ni hiyo hiyo, na pengine ni chungu zaidi. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza pwani ya mashariki ya Unguja mwaka 1989, na mama alikuwa miongoni mwa wanawake vijana walioingia mapema. Kulikuwa na aina mbili, kotoni na spinosamu. Kotoni ndio wenye bei nzuri. Kuanzia miaka ya mwanzo ya 2000 kotoni ukawa unageuka mweupe, unalegea na kukatika, na wataalamu wanalihusisha jambo hilo na maji kuzidi joto. Mwaka mmoja kabla ya safari yangu nilitumwa kuwauliza wakulima wa kijiji changu ni lini hasa kotoni ulianza kuwafia. Mmoja alisema ni mwaka aliozaliwa mtoto wake wa nne. Wa pili alisema ni kabla ya harusi ya dada yake. Wa tatu, mwaka wa uchaguzi, lakini hakukumbuka uchaguzi upi. Nilirudi nimeudhika, nikaandika kwamba wahojiwa hawana kumbukumbu. Uandishi gani ule! Kumbukumbu walikuwa nazo tele; aliyekosa daftari ni mimi na walionitangulia. Wenzetu wa Taasisi ya Sayansi za Bahari, iliyoanzishwa Unguja mwaka 1978, wameandika mengi na ya maana, lakini hakuna taasisi iwezayo kusimama kila siku katika kila shamba la kila mama.

Na jambo hili lina faida ya leo hii hii, si ya maktaba tu. Pweza hukua upesi mno na maisha yake ni mafupi, mwaka mmoja na zaidi kidogo. Jike hutaga mara moja tu, akayalinda mayai bila kula mpaka yaanguliwe, kisha hufa. Kwa sababu hiyo mwamba ukipumzishwa miezi michache, pweza huonekana wakubwa zaidi. Wanakijiji wa Andavadoaka, kule Bukini, walianza kufunga sehemu ya mwamba wao mwaka 2004, na baadaye vijiji vya Pemba na Unguja vikafuata. Lakini kufunga ni kuwaambia akina mama wasubiri bila kipato, na mtu hasubiri kwa neno "wengi". Anataka kujua: kabla ilikuwa ngapi, na baada yake ngapi.

Nilirudi nyumbani mwezi Juni, kusi likivuma, nikiwa na zawadi ya koti kwa mama na daftari jipya la mistari. Koti alilifurahia. Daftari alilitazama kama anavyotazama samaki aliyelala.

"Utaandika nini?" aliniuliza.

Nikamweleza: siku ya mwezi, upepo, pweza wangapi, mahali gani.

"Mahali gani!" alisema. "Nyanya yako kanionyesha mashimo yale, nami nimeyaficha hata kwa shoga zangu. Ukiyaandika, daftari litakwenda wapi? Litasomwa na nani? Kesho watakuja na vyombo vyao na mikuki, na mimi nitabaki na karatasi."

Nilijaribu kumweleza habari za Plymouth na miaka mia na ishirini ya kupima maji. Alinisikiliza kwa adabu. Kisha akaniambia kitu ambacho hakimo katika somo lolote nililolisoma: "Hayo maji yao ni matupu. Hawana cha kuibiwa."

Ndugu msomaji, sikuwa na jibu. Hata sasa sina jibu kamili. Tunaambiwa tuandike ili elimu ya wazee isipotee, na ni kweli. Mama akifumba macho, vitu visivyo na idadi vitafumbwa pamoja naye. Lakini yeye anajua kuwa kuna watu wanaosoma ili wajue, na wapo wanaosoma ili wachukue, na daftari haliwezi kuwatenga.

Tulikaa siku mbili bila kulizungumza. Siku ya tatu, maji yakikaribia kuwa ya bamvua, mama mwenyewe alikata shauri. Tutaandika siku ya mwezi, upepo, na idadi. Uzito, nikimnunulia mizani. Mahali hapana. Jina la kijiji likitoka nje, daftari litaingia jikoni chini ya sufuria. Nami nikakubali.

Siku ya kwanza tuliandika hivi: mwezi mosi, kusi, maji makavu sana, pweza wanne, mmoja mdogo mno, karudishwa. Niliandika mimi. Nilipokuwa narudi Chuoni nilidhani kuwa kazi itakoma, maana mama hakusoma skuli. Nilisahau kuwa alisoma chuoni kwa mwalimu wa Kurani, na herufi za Kiarabu anazijua. Nilipokwenda likizo nilikuta kurasa sita zimejaa, zimeandikwa kutoka kulia kwenda kushoto, Kiswahili safi kwa herufi za Kiarabu, kwa kalamu ya risasi iliyochongwa kwa kisu cha samaki. Mimi huzisoma kwa shida, kwa kidole, kama mtoto wa chuoni. Siku mbili bamvua ilikuja na hakupata kitu, na hizo pia kaziandika.

Lakini pembeni mwa kila siku kuna alama ndogo. Pengine ni nukta mbili, pengine mstari uliopinda, pengine kitu kama ndoana. Nilizitazama sana, nikazilinganisha na idadi, na upepo, na mwezi. Hazilingani na chochote. Mwishowe nilimuuliza ni alama za nini.

Mama alikuwa akitwanga pweza kwa rungu juu ya jiwe, ili alainike kabla ya kupikwa. Hakuinua kichwa.

"Hizo si zako," alisema.